Sifa kwa Mgeni Asiyebisha Hodi

Katika ofisi za Kampala, sasisho la programu hulaaniwa kuliko mkaguzi wa kodi. Huo ni utovu wa adabu. Mgeni huyu ana kalenda isiyoyumba: Microsoft hutoa masasisho yake Jumanne ya pili ya kila mwezi, desturi iliyoanza Oktoba 2003. Wakati huo makao makuu yake Redmond, Marekani, huwa saa nne asubuhi. Kampala ni saa mbili au saa tatu usiku, na kompyuta nyingi zimeshazimwa. Ndiyo maana mhasibu wa mtaa wa Nakasero huviziwa Jumatano asubuhi, mishahara ya watu ikimsubiri.

“Usizime kompyuta,” skrini inamwamuru. Asilimia 30. Bado 30. Ni bosi gani mwingine mjini huwaruhusu wafanyakazi washuke kununua rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, bila kudai barua ya ruhusa?

Tena sasisho lenyewe limetoka mbali. Uganda haina pwani, kwa hiyo intaneti yake nyingi hupita nyaya za chini ya bahari hadi Mombasa, kisha hupanda bara zaidi ya kilomita 1,000. Ofisi isiyo na mpango huiacha kila kompyuta ijiagizie nakala yake, zote kwa mpigo, barua pepe zikakwama. Fundi mjanja huweka seva moja inayopakua mara moja na kuzigawia nyingine humo humo jengoni. Nakala za kwanza huwajaribia wachache, hasa wale wasio na mdomo. Hilo chuoni halifundishwi.

Wanaolichukia wamesahau 2017. Dawa ya udhaifu wa Windows uliotumiwa na kirusi cha kompyuta WannaCry ilitolewa 14 Machi; shambulio likaja 12 Mei, likavuruga hospitali za Uingereza ambazo hazikuwa zimeiweka. Karibu miezi miwili ya “nikumbushe baadaye”!

Hata likikosea, halibagui. Ijumaa ya 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili bovu, na mashine za Windows takriban milioni 8.5 duniani zikaanguka: za viwanja vya ndege, za benki, za hospitali. Kwa saa za Kampala, faili hilo lilitoka saa 1:09 asubuhi, likaondolewa saa 2:27. Mashine iliyokuwa imezimwa muda huo wote ilisalimika. Basi popote programu ya kampuni hiyo ilipotumika, apewe nishani yule aliyekuwa bado kwenye msongamano wa Jinja Road, laptopu ndani ya begi, akimgombeza dereva wa teksi.

Wanaotamani utulivu nao wamekumbukwa: tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida. Ambaye kompyuta yake imeacha kumsumbua ghafla aangalie kama bado inatumia Windows 10, kisha amwone fundi wiki hii hii.