Namna ya Kuuona Mwezi Ukiimeza Sayari

Anza na mahali ulipo, maana mwezi hauwafunikii wote. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2022, watu wa Los Angeles na Chicago waliiona Mirihi ikizama nyuma ya mwezi mpevu. Wa New York waliuona ukiipita pembeni. Nairobi na Dar es Salaam kulikuwa kunakucha na mwezi unatua. Mwezi uko jirani, kilomita 384,400 hivi, na Mirihi siku zile ilikuwa kilomita milioni 82, kwa hiyo ukihama mji tu, mwezi nao unahama mbele ya sayari. Tafuta saa za mji wako. Za mji wa shangazi hazikufai.

Toka nje nusu saa kabla. Chakula kifunikwe kawa, utakikuta. Egemeza viwiko ukutani ili darubini isitetemeke, kisha angalia ukingo wa mashariki wa mwezi, kwani huko ndiko unakoelekea, ukisogea kadiri ya upana wake kwa saa.

Sasa simu mfukoni, tafadhali! Nyota ikifikiwa na mwezi huzimika papo hapo, kwa kuwa kwetu ni nukta tupu. Sayari ina upana, nayo huondoka kwa kumegwa. Kwenye darubini kubwa, kile kiduara cha Mirihi cha rangi ya chungwa kilibaki nusu, kikawa ukucha, kikawa cheche, kikaisha. Haikutimia dakika. Anayehangaika na kamera wakati huo amejidhulumu, na mimi namwonea huruma kwa dhati.

Usiingie ndani bado. Sayari itatokea ukingo wa magharibi, mara nyingi ndani ya saa moja, nawe uwe umeshalenga hapo. Aristotle aliwahi kuuona mwezi nusu ukiifunika Mirihi, ikaingilia upande wa giza na kutokea upande wa mwanga; akajua kwamba sayari ile iko mbali kuliko mwezi. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho na subira, na wewe unavyo.

Zuhura huweza kufunikwa hata mchana, na darubini ndogo huionyesha mbingu zikiwa safi. Ila simama kwenye kivuli cha jengo, jua likiwa limezibwa kabisa na ukuta: darubini ikiligusa jua, jicho laweza kuharibika moja kwa moja. Watoto wakae upande huohuo wa kivuli, na darubini wapewe ikiwa imeshalengwa.