Mwongozo wa Kumghilibu Paka Mgonjwa wa Damu

Daktari wa mifugo ameshakwambia: kinga ya mwili wa paka wako imegeuka, inaiangamiza damu yake mwenyewe. Amekupa vidonge vya asubuhi na jioni, vya miezi kadhaa, akakutakia kila la heri. Sasa uko nyumbani na mnyama mwenye makucha kumi na manane ambaye hana habari na masharti ya daktari. Karibu chamani, ndugu yangu. Kuanzia leo wewe ni tapeli, na ukiwa tapeli hodari, paka huyu ana nafasi nzuri ya kupona.

Jua kwanza kinachoendelea ndani yake. Chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba hewa safi kwenda mwilini. Katika ugonjwa huu kingamwili huzibandika alama, kisha bandama na ini huziondoa, kama nyumba zilizochorwa X nyekundu ukutani zikingoja tingatinga. Chembe nyekundu ya paka mzima huishi siku 70 hivi. Ya huyu inaweza kuvunjwa ikiwa bado changa. Uboho wa mifupa huhangaika kutengeneza nyingine, lakini huchukua siku kadhaa kushika kasi, na siku hizo ndizo za hatari. Dawa unayopewa, kwa kawaida steroidi iitwayo prednisoloni, kazi yake ni kuituliza hiyo kinga. Haifanyi kazi ikiwa imetemwa nyuma ya kochi. Ndiyo maana tuko hapa.

Hatua ya 1: Usimtapeli daktari. Mlango huu mmoja uache wazi. Najua unataka kuonekana mlezi bora. Kila mtu anataka. Lakini daktari akiuliza paka amekula nini, mwambie yote: mchuzi wa jana, kidonge ambacho shangazi alimpa kwa huruma, viroboto uliowaona ukaahirisha kuwaua. Kuna sababu ya maswali hayo. Mara nyingine kinga hugeuka bila chanzo kinachoonekana. Mara nyingine kuna kitu nyuma yake: bakteria aitwaye Mycoplasma haemofelis anayekaa juu ya chembe nyekundu, virusi vya lukemia ya paka, saratani, hata dawa aliyopewa kwa ugonjwa mwingine. Bakteria huyo hutibiwa kwa doksisaiklini, na steroidi peke yake haimuui. Ukificha, utatibu kivuli.

Vipimo navyo vina ugumu wake. Kwa mbwa, daktari hutazama chembe chini ya hadubini akatafuta zile zilizopoteza weupe wa katikati. Chembe za paka karibu hazina weupe huo hata akiwa mzima, kwa hiyo njia hiyo haimsaidii sana. Daktari atachanganya tone la damu na maji ya chumvi aone kama chembe zinashikana, au ataomba kipimo cha Coombs. Robin Coombs, aliyekitangaza kipimo hicho na wenzake huko Cambridge mwaka 1945, alikuwa amesomea udaktari wa mifugo. Hospitali za binadamu duniani kote zinakitumia mpaka leo. Mtu akikucheka kwamba unahangaika na damu ya paka, mpe habari hiyo kisha uendelee na kazi.

Hatua ya 2: Chagua chambo. Prednisoloni ni chungu, na ulimi wa paka haudanganywi na uji. Tafuta kitu kinachonuka: samaki wa kopo, nyama ya kamba iliyochemshwa, kipande cha ini la kuku, dagaa waliosagwa na kuchanganywa na samli kidogo. Kila kitu kiwe kimepikwa. Dawa hii inaidhoofisha kinga ya mwili kwa makusudi, na nyama mbichi inaweza kuleta vijidudu ambavyo sasa hana askari wa kuvizuia. Chambo hicho asikipate saa nyingine yoyote. Kikizoeleka, kimekufa.

Usikipondeponde kidonge ndani ya bakuli zima la chakula. Ataonja, ataondoka, na kuanzia hapo atalichukia hata bakuli. Ukishindwa na uchungu, muulize daktari kama ipo dawa ya maji, au kama kidonge kinaweza kutiwa ndani ya kapsuli tupu. Mafundi wa kweli huuliza njia ya mkato kabla ya kuumwa kidole.

Hatua ya 3: Matonge matatu. Huu ndio ufundi wenyewe, na ninakupa bure. Tengeneza matonge matatu madogo, kila moja la kumezwa mara moja. La kwanza halina kitu. La pili lina dawa. La tatu halina kitu. Mpe la kwanza akiwa na njaa, ajue leo ni sikukuu. Mwoneshe la tatu wakati la pili bado liko mdomoni. Tamaa itafanya kazi iliyobaki: atameza haraka ili awahi kingine. Utu wetu na upaka wao vinakutana hapo, kwenye uchu wa tonge linalofuata.

Vidole vyako visinuke dawa. Shika kidonge kwa mkono mmoja, tonge kwa mwingine. Paka wengi hugundua njama kwa pua kabla ya kugundua kwa ulimi.

Hatua ya 4: Chambo kikikataliwa, leta kanga. Iwe pana na ya zamani. Mfunge paka aonekane kichwa tu, mweke juu ya meza kifua chako kikiwa nyuma yake, asipate pa kurudi nyuma. Shika kichwa kwa juu, kidole gumba na cha shahada vikiwa kwenye mifupa ya mashavu. Inua pua itazame dari. Taya la chini litalegea lenyewe. Kwa kidole cha kati cha mkono wa pili lishushe taya, dondosha kidonge nyuma kabisa, pale ulimi unapopinda, kisha funga mdomo na umsugue koo. Akilamba pua, amemeza.

Usimkemee. Usimfukuze chumba kizima akajificha na hofu yake. Paka mwenye damu kidogo hana hewa ya kuchezea, na mbio zinaweza kumfanya aheme mdomo wazi. Akianza kuhema hivyo, mwachie palepale na umpigie daktari.

Hatua ya 5: Maji baada ya kidonge. Hapa sina mchezo. Kidonge kikavu kinaweza kukwama kwenye umio wa paka, njia yake ya chakula, kwa muda mrefu bila wewe kujua. Doksisaiklini ikikwama huunguza, kovu hubana njia, na paka aliyeponyeshwa damu hubaki hawezi kumeza chakula. Kila baada ya kidonge mpe mililita 5 au 6 za maji kwa bomba lisilo na sindano, taratibu, kupitia pembeni mwa mdomo, akiwa na nafasi ya kumeza. Kama anakula, kijiko cha supu ya samaki isiyo na kitunguu kinatosha. Fanya hivyo hata siku unayochelewa kazini.

Hatua ya 6: Shindwa kwa adabu. Utashindwa. Atakificha kidonge shavuni dakika nzima huku akikutazama kama malaika, kisha utakikuta zuliani. Osha uso wako, siyo kidonge, ujaribu tena kwa chambo kipya. Lakini kama hukuona kilikokwenda, au ametapika na hujui kilitoka au kilibaki, usimwongezee kingine kwa kubahatisha. Piga simu, uliza.

Jambo jingine: kama mko wengi nyumbani, bandika kalenda kwenye friji na kila anayempa dawa aweke alama. Bila kalenda, wewe utampa, mume atampa, na dada wa kazi, kwa moyo wake mwema, atampa mara ya tatu. Na kalenda iliyojaa alama inapendeza; mgeni akija lazima aisome. Jivunie. Fahari hiyo itakuamsha saa kumi na mbili asubuhi siku ambayo upendo peke yake umelala.

Hatua ya 7: Safisha jikoni na kabati la dawa. Parasetamoli humuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Dawa hiyo hugeuza damu yake isiweze kubeba hewa na kuziharibu chembe nyekundu zilezile tunazozipigania. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuua. Vitunguu maji na vitunguu saumu navyo huvunja chembe nyekundu, viwe vibichi, vya kupikwa au vya unga. Maana yake mchuzi wetu wote wa kila siku, ule tunaoufutia sufuria kwa wali tukamwekea paka, umefungwa kwake. Waambie watu wote wa nyumbani, na kwanza kabisa bibi, maana yeye ndiye mwenye mkono wazi. Mpe bibi kazi badala ya katazo: yeye ndiye awe mlinzi wa bakuli.

Usiazime pia dawa ya mbwa wa jirani kwa sababu anaumwa ugonjwa unaofanana. Azathioprini, ambayo mbwa hupewa, inaweza kuuzimisha uboho wa paka. Na dukani soma boksi mpaka mwisho: unataka prednisoloni. Prednisoni, ndugu yake, mwili wa paka huibadilisha kwa shida kuwa dawa inayofanya kazi.

Hatua ya 8: Iba vipimo akiwa amelala. Simu yako imejaa picha za paka. Geuza mazoea hayo yawe tiba. Kila siku, mahali palepale penye mwanga wa dirishani, inua mdomo wake kidogo upige picha ya ufizi. Waridi ni habari njema. Mweupe kama karatasi ni dharura. Manjano, kwenye ufizi au ndani ya sikio, maana yake chembe zinavunjwa haraka kuliko ini linavyoweza kusafisha. Akiwa katika usingizi mzito hesabu pumzi zake kwa dakika moja: chini ya 30 inaridhisha. Ukimwona analamba ukuta, anakula udongo au mchanga wa choo chake, usicheke. Paka waliopungukiwa damu hufanya hivyo.

Na kila akipimwa kliniki, omba namba ya hematokriti, yaani ni asilimia ngapi ya damu yake ni chembe nyekundu. Paka mzima huwa kati ya 30 na 45 hivi. Iandike kwenye kalenda. Namba moja haisemi mengi. Mfululizo wake ndio unaosimulia.

Hatua ya 9: Akihitaji damu, usipite mkato. Paka wa kilo 4 ana damu ambayo haijazi chupa ya soda ya kioo. Mfadhili mwenye afya na uzito wa kutosha anaweza kutoa mililita 50 hivi, na zinaweza kumvusha mgonjwa wakati dawa inaanza kufanya kazi. Utatamani kumbeba paka wa jirani ukimbie naye. Mbebe, lakini wote wawili wapimwe kundi. Paka wana makundi ya A, B na AB. Wengi ni A, na wingi huo ndio unaowafanya watu wabahatishe. Mwili wa paka wa kundi B hutengeneza kingamwili kali dhidi ya A bila hata kuongezewa damu kabla. Akipewa damu ya A, mara ya kwanza tu, anaweza kufa mezani. Kama kliniki yako haina kipimo, muulize daktari ni wapi kipo. Vyuo vinavyofundisha madaktari wa mifugo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia.

Hatua ya 10: Usilewe ushindi. Baada ya wiki kadhaa atakula kama aliyetoka jela, atanenepa, manyoya yatang'aa, na wageni watasema una mkono wa dawa. Hapo ndipo walezi wengi huacha vidonge. Usiache. Kwanza, ugonjwa hurudi. Pili, mwili ukipewa steroidi kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza ya kwake; ukikata ghafla, anabaki hana ya kopo wala ya asili, na anaweza kuanguka. Dawa hupunguzwa ngazi kwa ngazi, kwa miezi, damu ikipimwa kila inaposhushwa. Steroidi ikishindwa au ikimletea madhara, daktari anaweza kuongeza siklosporini au klorambusili.

Unene nao uutazame kwa jicho kavu. Dawa hii huleta njaa na kiu, na paka wengine huishia na kisukari. Akianza kunywa maji bila kukoma na mchanga wa choo ukilowa maradufu, mwambie daktari wiki hiyohiyo. Chanjo pia, usimpeleke kwa mazoea ya kila mwaka, uliza kwanza.

Hatua ya 11: Weka kapu mlangoni. Ugonjwa unaweza kurudi baada ya miezi, hata miaka, na hupenda kurudi usiku. Ndani ya kapu weka taulo, nauli, orodha ya dawa na vipimo vyake, na namba mbili za simu za madaktari, kwa sababu mmoja hatapokea. Ukiona ufizi umeanza kupauka, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au paka aliyekuwa anaruka kabatini sasa anakaa chini akilitazama, usingoje kupambazuke. Piga simu, taja hematokriti yake ya mwisho na kipimo cha dawa anachotumia sasa, na uwe umeshamtia kapuni kabla daktari hajamaliza kuuliza uko wapi.