Mausi Kipofu kwenye Meza ya Kioo

Wauza samani hawakuambii kwamba mausi haioni kioo. Watakusifia miguu ya chuma, watagonga ukingo wa meza kwa pete usikie unene wake, wataapa kwamba hata mtoto akipanda haivunjiki. Unafika nyumbani, unawasha kompyuta, unasogeza mausi kulia, mshale unakwenda kushoto. Unasimama. Halafu unarukia kona ya juu na kufunga faili ambalo hukulihifadhi.

Si uchawi, ingawa mke wangu alikwishaanza kutaja majina ya majirani. Tumboni mwa mausi za siku hizi mna taa ndogo na kamera ndogo zaidi. Taa inamulika meza, kamera inapiga picha zaidi ya elfu moja kwa sekunde, kisha kila picha inalinganishwa na iliyotangulia ili ijulikane mausi imeelekea wapi. Kinachotazamwa ni vitu ambavyo macho yetu hayajali: nyuzi za karatasi, mishipa ya mbao, mikwaruzo, vumbi. Kioo safi hakina hata kimoja. Mwanga unapenya na kwenda kumulika magoti yako.

Maana yake ni kwamba meza ya kioo ikiwa na uchafu kiasi, mausi inatembea vizuri tu. Dada wa kazi akishaipangusa, ofisi imefungwa. Nilimwomba aache kufuta upande wa kulia. Alinitazama kwa huruma, akaufuta.

Lakini nani anunue mausipedi wakati nyumba imejaa vitu bapa? Daftari la hesabu la mtoto linafaa sana, hadi asubuhi basi la shule linapopiga honi. Gazeti ni zuri kuliko yote, karatasi yake haing'ai na mausi inaipenda, ila feni ya darini nayo inalipenda, na mtu ukishaona tangazo la msiba wa unayemfahamu kazi inasimama ukisoma orodha ya wajukuu. Jalada la kalenda linateleza na kumetameta. Kitenge kilichokunjwa mara mbili ndicho kilichonitia hasara: ukisukuma mausi, kitambaa kinakwenda nayo bega kwa bega, kwa hiyo kamera inaona kitu kilekile na mshale hausogei. Kilichosogea ni kikombe cha chai kilichokuwa kimekaa kwenye pindo.

Habari za chai hiyo zilivuka bahari hadi Pemba. Shangazi yangu hakuelewa vizuri tatizo ni lipi, ila alielewa kwamba mtoto wa kaka yake anatafuta mkeka mdogo, na hilo kwake ni jambo la kufurahisha. Kikaja kifurushi na boti: kimkeka cha ukindu, cha rangi, ukili umeshonwa kwa mkono, ukingo umetiwa kitambaa. Kazi safi. Mausi ikawa inapanda na kushuka kwenye mishono, tuku tuku tuku, kila mshono mshale unakwama halafu unaruka. Kuandika barua ya kikazi kwa namna hiyo ni safari ya bajaji kwenye barabara ya matuta. Bila shaka shangazi aliambiwa kwamba kinafaa mno.

Vijana wa kompyuta watakwambia mausipedi ni kitu cha zamani, na hapo wana hoja. Mausi ya kwanza kabisa, ile ya Douglas Engelbart na wenzake kule California mwaka 1964, ilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyokwenda juu ya meza yenyewe. Baadaye zikaja za mpira, na huo mpira ndio uliotaka mkeka, kwa sababu kwenye meza iliyopigwa vanishi uliteleza bila kuzunguka. Waliopitia intaneti kafe za Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 2000 wanakumbuka ile shughuli: unapindua mausi, unazungusha kifuniko, mpira unadondoka mkononi, kisha unakwangua kwa ukucha utepe wa uchafu uliojiviringisha kwenye virola. Uchafu wa nani, hukuuliza. Dakika zako za kulipia zilikuwa zinakwenda.

Kulikuwa pia na mausi za taa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, za kampuni ya Mouse Systems, zilizouzwa na kibao chao cha chuma chenye mistari. Bila kibao hicho hazikuona kitu, na ukikiweka upogo na mshale unakwenda upogo. Kisha mwaka 1999 Microsoft wakatoa mausi iliyoweza kutembea karibu popote, na mausipedi ikatangaziwa kifo. Waliotangaza hawakuwa na meza ya kioo.

Basi nikaenda Kariakoo. Kijana wa duka alinipokea kwa "Karibu bosi, unapata nini?" na kabla sijajibu alikuwa amekwishatandaza mali yote juu ya kabati la chaja.

Ya kwanza ilikuwa na mto wa jeli wa kuegemeza kifundo cha mkono. "Madaktari wanatumia hii," alisema, na mimi sikuona daktari. Wanaojua mambo ya mkao husema kifundo kisiegemee popote wakati mkono unatembea. Mto ni wa kupumzikia ukiwa umesimama. Ila kilichonikatisha tamaa si wataalamu. Rafiki yangu mhasibu anayo ya aina hiyo, na mwanawe mchanga alipoanza kuota meno aligundua kwamba jeli inatafunika. Sasa rafiki yangu huegemeza mkono kwenye alama za meno mawili ya juu, na jeli iliyobaki inahamia upande wa pili kila akibonyeza.

Ya pili ilikuwa na picha ya mnara wa Eiffel usiku, plastiki inayong'aa kama kioo chenyewe. Nilitoka kwenye kioo, sikuona haja ya kurudi. Nyingine ina taa za rangi pembeni, inachomekwa kwenye kompyuta, inawakawaka kijani na zambarau. Nilijiona kwenye kikao cha mtandaoni, wakubwa wanajadili bajeti, uso wangu ukibadilika rangi.

Halafu akatoa silaha zake: ya Yanga na ya Simba, zote mbili, akinisoma usoni. Mimi ni mtu wa Jangwani. Mke wangu ni wa Msimbazi. Mausipedi ya njano na kijani katika nyumba ile isingemaliza wiki bila kuwekewa sufuria ya maharage inayotoka motoni, na ya kwake singeweza kuiwekea mkono nikiwa na akili timamu. Nilimwambia azirudishe.

Pale nikaona tunavyopotea. Tunachagua mausipedi kwa kuifikiria mausi, na mausi ndiye mpangaji mwenye mahitaji madogo kuliko wote wanaohamia pale. Kipande cha sentimita 22 kwa 18 kinamtosha, ukimwongezea mwendo kidogo kwenye mipangilio ya kompyuta. Anachotaka ni kitambaa kisichong'aa juu na mpira unaong'ang'ania meza chini. Wenye mahitaji ni chai, sahani ya karanga, simu inayochajiwa, kiwiko cha mtoto anayeuliza nane mara saba. Kwa hiyo nilikuwa nauliza maswali ya mpishi: inafulika? Inaficha doa? Ukingo umeshonwa, au utafumuka kama soksi? Kijana aliniambia inafuliwa kwa maji na sabuni ya kawaida, isikaushwe kwenye jua kali maana mpira unapasuka. Ni jibu la kweli pekee nililopata siku ile. Akataja elfu ishirini na tano, nikataja kumi, tukalaumiana kidogo, tukamalizana kwa kumi na tano.

Niliyoichukua ni nyeusi tupu, sentimita 80 kwa 30. Ilinuka tairi jipya hadi ikabidi ilale kibarazani. "Umenunua zulia?" mke wangu aliuliza, kisha akaweka juu yake miwani yake, kikombe chake na daftari la vikoba. Mtoto alipata upande wa kushoto. Paka alichukua katikati, na utani unaongoja hapo sitaufanya. Mausi imebakiwa na eneo la kiganja kimoja, pale pale kulia, na inaona vizuri kabisa.

Juzi mke wangu alimtumia shangazi picha ya meza. Simu ililia baada ya muda si mrefu. Nyeusi ile haikumpendeza, ilimkumbusha jeneza, na tena alishangaa mkeka wake haumo pichani. Nikamwambia tumeuhifadhi usichakae.

"Sawa, mwanangu, uhifadhini," alisema. "Mie nina ukindu mwingi. Nipe vipimo vya meza nzima."