Pijo, Baba Watoto na Vyombo Vyangu

Hapa Tanga upepo wa bahari hauchagui. Unaingia Ngamiani barabara kwa barabara, unakula bawaba, mabati na baiskeli za watu. Pijo 504 ya mume wangu imelala uani kwenye upepo huo miaka na miaka, na ukimtajia kuiuza yeye anakutajia mwaka 1975, Ove Andersson aliposhinda Safari Rally kwa 504, kisha 1978, ilipotwaa tena. Kwamba ile ya 1978 ilikuwa kupe ya silinda sita na hii yetu hubeba nazi, hilo halimhusu.

Basi Pijo ikaanza kupiga ta-ta-ta kila ikikanyagwa mafuta, na moshi ukawa unavujia chini ya boneti. Gasketi ya manifoldi ya eksozi ilikuwa imeungua. Kuinunua si kazi. Kazi ni kuzifungua nati zinazoikamata manifoldi, ambazo zimepikwa na kupoa, zikapikwa na kupoa, tangu wanetu hawajazaliwa.

"Ni suala la asubuhi moja," alisema Baba Watoto. Nikajua juma limeondoka.

Alianza na mafuta ya taa ya jiko langu. Akayamimina, akanywa kahawa, akarudi na spana. Mafuta hayaendi hivyo: hupenya kwenye uzi wa bolti taratibu mno, yanataka yaachwe usiku kucha, yaongezwe asubuhi, yaachwe tena. Yeye akavuta. Spana yenyewe ilikuwa ile ya meno kumi na mawili, inayoshika pembe tu, na nati iliyoliwa na kutu pembe zake ni laini. Ikateleza, pembe zikaisha, nati ikawa duara.

Akaja shemeji, ambaye hana gari lakini ana ushauri. Alisema kinachokosekana ni nguvu. Wakang'oa bomba la kamba ya kuanikia nguo, wakalichomeka kwenye mkono wa spana ili liwe refu, na kanga zangu zikabaki mchangani. Shemeji akaagiza soda nyeusi, kwa kuwa ina asidi inayokula kutu. Inayo kweli, ila hula kidogo kidogo, na shemeji aliinywa nusu. Ikafuata siki ya achari. Kufikia alasiri jikoni palibaki chumvi, kitu pekee ambacho injini ile ilikuwa imekwisha kukipata cha kutosha.

Walivuta wote wawili, mguu mmoja kwenye bampa. Tak! Bomba likaja, spana ikaja, na nati ikaja na nusu ya bolti ndani yake. Nusu ya pili ilibaki kwenye hedi, imekatika sawasawa na uso wake, hapana hata pa kushika kwa koleo. Shemeji akakumbuka ana mgeni nyumbani.

Alirudi jioni na kile chuma cha kung'olea bolti zilizokatika: unaitoboa bolti katikati, unakizamisha, unakizungusha kinyume. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kibarazani akichambua mchele, hakuinua hata macho. "Mkikikata na hicho humo ndani, mtakwenda kuliuza gari kwa bei ya mkaa. Iteni fundi."

Fundi alipokuja alimwamkia bibi kwanza, akaambiwa habari, akacheka. Chuma kile kimekazwa kwa moto, alisema. Kikikatika ndani, keekee ya kawaida haikikwaruzi. Kisha akaniomba mshumaa.

"Umeme upo, mwanangu."

"Si wa kuwasha, mama."

Nati zilizosalia alizipasha moto moja moja kwa gesi, nati tu, si hedi. Hedi ya 504 ni ya alumini, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwa nyekundu kwanza ikakuonya. Nati ikishapata moto aliigusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani ya uzi. Halafu, Baba Watoto akikodoa macho, aliikaza.

"Unakaza?"

"Kidogo tu, mzee. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana imebana hivi. Ivunje kwanza, ndiyo uombe njia." Akawa anakwenda mbele kidogo, anarudi nyuma kidogo, na nati zikaachia bila mtu kuweka mguu kwenye bampa.

Kwa ile iliyokatika, alichomoa betri kwanza, akaweka nati mpya juu ya kisiki chake na kukilehemu kwa kupitia tundu la nati. Moto wa kulehemu ukafanya kazi mbili, ukaipa bolti kichwa kipya na kuilegeza kutu. Akaacha ipoe. Ilipozunguka ililia kama mlango wa ghala la mkonge, ikatoka. Alifungia nati za shaba, ambazo hazigandi kwa kutu, na grisi ya shaba kwenye uzi.

Pijo sasa inanguruma vizuri, sikatai. Mafuta ya taa nimelipwa, siki bado, bomba limepinda na kamba nimeifunga kwenye mwembe. Jana usiku Baba Watoto aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiye na nia yoyote, kama nimeona maji yanadondoka chini ya pampu ya radieta. Nikamwambia nimeyaona, na fundi anakuja Alhamisi.