Mhadhara wa Bingwa Kuhusu Tiba za Waayalandi

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, na ninyi wa nyuma mnaokohoa bila kibali changu!

Mimi ndiye bingwa wa tiba za jadi za Ayalandi. Anayebisha anyooshe mkono. Hakuna? Tuendelee.

Kifaduro. Wauguzi watawachosha kwa chanjo. Mwayalandi wa zamani alisimama barabarani akamngoja mtu aliyepanda farasi mweupe, akamuuliza dawa. Lolote alilojibu mpanda farasi, hilo ndilo tiba: akisema vitunguu, ni vitunguu. Cheti hakikuhitajika, farasi tu. (Ndiyo maana mimi, nisiye na cheti, natafuta farasi.) Asipopita mtu, mtoto alipitishwa chini ya tumbo la punda mara tatu. Mara mbili ni uzembe. Mara nne ni ushirikina.

Chunjua je? Ukikutana na konokono, usiyemtafuta, msugue juu ya chunjua kisha mchomeke kwenye mwiba. Anavyokauka yeye, nayo inakauka. Baridi yabisi? Kiazi kibichi mfukoni. Mtauliza kiazi kinajuaje goti liko wapi. Swali la kitoto hilo, nalipuuza.

Mnadhani natunga! Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi kote katika eneo ambalo leo ni Jamhuri ya Ayalandi walitumwa kuwahoji wazee wao, wakajaza madaftari kwa maelfu. Watafiti wa umri huo hawana sababu ya kudanganya, isipokuwa kuhusu nani alivunja dirisha.

Sasa linaloniudhi. Huko Boho, Fermanagh, mgonjwa huchota udongo kidogo kwenye kaburi la Padri James McGirr, aliyefariki 1815, akaufunga kitambaani, akaulalia chini ya mto, kisha akaurudisha. Ni lazima aurudishe. Tiba safi, haina maswali. Basi mwaka 2018 wanasayansi wakatangaza kwamba udongo wa eneo hilo una bakteria wa jamii ya Streptomyces, ambao maabarani waliwazuia vijidudu sugu wa kutisha, MRSA wakiwemo. Mnaona uharibifu? Dawa iliyojitosheleza kwa imani tupu sasa inadaiwa vipimo na majedwali! Wakiachiwa hawa, kesho watampima punda.

Nimemaliza. Ada ya mhadhara hulipwa pale mlangoni, taslimu. Viazi sipokei. Na mwenye mtoto anayekohoa hadi anapaliwa ampeleke hospitali leo hii, asiningoje mimi.