Matajiri wa Nansio

Hapana budi tumsifu kijana yule aliyeteremka gatini Nansio, kisiwani Ukerewe, tai shingoni na mkoba wa vikopo vya virutubisho mkononi, akawabashiria wachuuzi wa dagaa kwamba ufukara umekwisha, maana kila atakayelipa kiingilio na kuleta watu sita, nao kila mmoja akaleta sita wake, atakuwa mwenye biashara yake mwenyewe, pasipo mwajiri wala jasho. Hesabu yake haina dosari: ngazi ya saba peke yake yataka watu 279,936, na wilaya nzima ya Ukerewe, vichanga na vikongwe pamoja, haikutimiza laki nne katika sensa ya mwaka 2022; ngazi ya nane, yamkini, itaandikisha sangara. Mama mmoja alipouliza nani atanunua ikiwa sote tu wauzaji, alijibiwa kwa upole kwamba hiyo ni fikra ya kimaskini. Waliopanda “mbegu” zao katika mchezo wa upatu wa DECI, hata serikali ikaifunga mwaka 2009, nao waliahidiwa mavuno ya jinsi hiyo. Wanaojiunga leo, tafadhalini, someni herufi ndogo za stakabadhi: kiingilio hakirudishwi.