Rele Inalia, Gari Limelala

Gari la zamani likizimika kwenye barabara ya Patrice Lumumba, upande wetu wa Nyalukemba, huna haja ya kuita fundi. Mafundi wanajileta. Wa kwanza alikuwa kijana muuza esansi wa kando ya njia, wale tunaowaita Kadhafi. "Papa, ile esansi ulinunua wapi? Iko na maji." Aliyokuwa nayo yeye, bila shaka, haikuwa na maji. Mama mmoja aliyepita na beseni la sambaza kichwani akasema, bila hata kusimama, kwamba ni batri. Shemeji yake ilimfikaka vile vile.

Batri ilikuwa nzima: starta ilizungusha injini kwa nguvu zote. Kilichokosekana ni ule mvumo mfupi wa pampu chini ya kiti cha nyuma ukiwasha kontakti. Pampu kimya, na fyuzi yake haijaungua. Imebaki rele, ile swichi inayoipa pampu umeme.

Fundi mwenyewe alipofika, akaichomoa, akapeleka waya za batri kwenye miguu ya 85 na 86. Tak! Watu wakashangilia. "Rele iko mzima!" akatangaza fundi, na yule Kadhafi akanisogezea kidumu chake.

Sasa hapo ndipo wengi tunapoibiwa. Ile tak ni koili tu inayovuta kijiulimi cha ndani. Kama umeme unapita kutoka mguu wa 30 kwenda wa 87, hilo ni shauri lingine kabisa. Rele ya namna hii ni kama mtumishi anayeitika jina lake asubuhi, halafu haonekani hadi jioni.

Fundi wa simu wa jirani akaleta mita yake. Nayo ikasema njia ni nzuri! Lakini mita hupitisha mkondo mdogo mno. Pampu inataka ampea kadhaa. Nikaomba ampuli ya taa ya mbele, ya wati 55, inayokula kama ampea nne na nusu. Tukaifunga baada ya mguu wa 87. Tak! Ampuli ikatoa wekundu wa kijiti cha ubani, basi. Kufungua kifuniko, ncha za ndani zilikuwa nyeusi tititi.

"Ee, nilisemaka ni rele," akasema fundi. Ushahidi wa watu wote pale haukumsumbua.

Rele ya honi ilikuwa na miguu na namba zile zile. Tukaihamishia kwenye pampu, injini ikawaka papo hapo, na fundi akadai pesa ya "diagnostiki". Nikamlipa nusu. Nusu nyingine ni ya ampuli.

Rele mpya bado naitafuta. Kwa hiyo ukisikia mwanamume anapiga kelele dirishani kwenye mteremko wa Nguba, usimwombee. Ni honi hiyo. Sogea pembeni.